Kutolewa Damu ya Kupima: Mambo ya Kujua kwa Mhudumu na kwa Mgonjwa



Karibu kila mmoja wetu amewahi kukaa kwenye benchi ya zahanati akingoja kutolewa damu. Unaitwa, unaingia, unafungwa mpira mkononi, unadungwa, unapewa pamba, halafu unaambiwa ungoje majibu nje. Kazi yenyewe ni ya dakika tano. Kwa sababu ni fupi hivyo, wengi hufikiri ni kazi ndogo, ati kazi kubwa ni ile ya mashine ndani ya maabara.

Hebu tuseme ukweli. Mashine haijui damu ni ya nani. Haijui kama mgonjwa alikunywa chai kabla ya kuja, wala haijui kama chupa ilikaa juani saa tatu. Inapima tu kile ilicholetewa. Damu ikitolewa vibaya, jibu litakuwa baya hata kama mashine ni mpya kabisa. Na jibu baya ni hatari kuliko kukosa jibu, maanake daktari ataliamini na kutoa dawa kwa kulifuata.

Somo hili ni la watu wawili. Wa kwanza ni mhudumu wa zahanati ambaye tayari amefunzwa kazi hii na anataka kujikumbusha. Wa pili ni mgonjwa, au mzazi aliyemleta mtoto, ili ajue jambo lililo sawa na aweze kuuliza akiona si sawa. Kusoma somo hili peke yake hakumfanyi mtu awe fundi wa kutoa damu. Anayedunga mshipa ni lazima awe amefunzwa na kusimamiwa na mtu anayeijua kazi.

KIDOLE AU MSHIPA?

Damu ya kupima hutolewa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kudunga kidole na kuchukua tone moja au mawili. Hii inatosha kwa kipimo cha haraka cha malaria, cha virusi vya UKIMWI, na cha sukari. Kumbuka kwamba tangu mwaka 2010 mwongozo wa matibabu nchini Kenya unasema mtu wa umri wowote apimwe kwanza kabla ya kupewa dawa ya malaria. Kwa hivyo usikasirike ukiambiwa, "Tupime kwanza."

Njia ya pili ni kudunga mshipa, mara nyingi ule wa kwenye kiwiko. Hii ndiyo hutumika damu nyingi kidogo ikihitajika: kupima wingi wa damu, kazi ya figo na ini, au kulinganisha damu kabla ya mgonjwa kuongezwa damu ya mtu mwingine.

Watu wengine huogopa wakiona chupa tatu zimepangwa mezani. Husema, "Watanimaliza damu," au, "Hii damu inaenda kuuzwa." Tupige hesabu. Chupa moja huchukua mililita 2 hadi 5 hivi. Kijiko cha chai ni mililita 5. Chupa tatu basi ni vijiko vitatu au chini yake. Mtu mzima ana lita 5 hivi za damu mwilini, yaani vijiko 1,000. Ukitolewa vitatu, hutaona tofauti yoyote, na mwili utavirudisha wenyewe.

AKINA WANJIRU WAWILI

Sasa tuje kwenye jambo kubwa kuliko yote, yaani jina.

Katika jamii zetu majina hurudi. Kwa Wakikuyu, binti wa kwanza huitwa kwa jina la nyanya yake wa upande wa baba. Kwa hivyo ndugu watano wakizaa mabinti, kila nyumba itakuwa na Wanjiru wake. Kwa Wajaluo, msichana aliyezaliwa asubuhi ni Akinyi na wa usiku ni Atieno, na asubuhi na usiku ziko kila siku! Ongeza hapo Mary au Grace wa ubatizo, utapata watu wengi wenye majina mawili yanayofanana kabisa. Tena huku kijijini wengi hatuwaiti kwa majina yao hata kidogo. Ni Mama Otieno, ni Baba Chebet, na kwenye kadi ya hospitali kuna jina ambalo hata jirani halijui.

Chukua mfano huu. Tuseme katika wadi ya akina mama kuna Mary Wanjiru wawili. Mmoja, kitanda cha 4, amejifungua jana na ametokwa na damu nyingi. Anahitaji kuongezwa damu. Mwingine, kitanda cha 9, ana homa tu. Muuguzi amekuwa kazini tangu usiku na amechoka. Anafika kitanda cha 9 na fomu mkononi, anauliza, "Wewe ndiye Mary Wanjiru?" Anajibiwa, "Eeh, ndiye mimi." Mama huyu hakudanganya. Muuguzi anatoa damu, anatia chupa mfukoni, anaitwa kwingine. Baadaye akiwa mezani anaandika kwenye chupa jina na nambari iliyo kwenye fomu. Fomu ni ya kitanda cha 4.

Maabara wanapima na kupata kundi A. Wanaleta damu ya kundi A. Lakini mama wa kitanda cha 4 ni kundi O.

Tangu mwaka 1901, daktari Karl Landsteiner wa Vienna alipoeleza makundi ya damu, tunajua kitakachofuata. Mwili wa mtu wa kundi O una kinga inayoshambulia damu ya kundi A. Baada ya dakika chache tu mgonjwa anaweza kuanza kutetemeka, joto linapanda, mgongo unauma, mkojo unakuwa mweusi kama kahawa, na nguvu za damu zinashuka. Figo zinaweza kukataa kufanya kazi. Mama huyu anaweza kufa, na si kwa ugonjwa uliomleta.

Angalia vizuri. Pale maabara hakuna aliyekosea. Walipima sawasawa damu waliyoletewa. Kosa lilifanyika kitandani, tena makosa yenyewe ni matatu. La kwanza, swali lilikuwa na jibu ndani yake. Mgonjwa aliyechoka, mwenye homa, au asiyesikia vizuri hujibu "eeh" kwa kila swali. La pili, chupa ilitiwa mfukoni bila jina. La tatu, jina liliandikwa mezani, mgonjwa akiwa mbali.

Njia iliyo sawa ni hii:

– Habari ya asubuhi, mama?
– Mzuri, sista.
– Nimekuja kukutoa damu ya kupima. Niambie majina yako yote matatu, vile yalivyo kwenye kitambulisho.
– Mary Wanjiru Kamau.
– Na mwaka wako wa kuzaliwa?
– Elfu moja mia tisa themanini na nane.
– Asante, mama. Ngoja nilinganishe na fomu.

Unaona? Mgonjwa ndiye anayesema jina, si mhudumu. Na jina peke yake halitoshi: ongeza mwaka wa kuzaliwa au nambari ya hospitali, ndiyo upate vitu viwili vya kulinganisha. Kama mgonjwa hawezi kusema, labda ni mtoto au amezimia, uliza jamaa aliye naye na uangalie faili au kitambaa cha mkononi. Ukishatoa damu, andika kwenye chupa pale pale kando ya kitanda, mgonjwa akikuona: majina, nambari, tarehe na saa. Usiandike kwenye chupa tupu kabla ya kutoa damu, kwa sababu chupa yenye jina inaweza kuchukuliwa ikatumiwa kwa mwingine. Ndiyo maana pia hospitali nyingine huomba damu mara ya pili kabla ya kumwongeza mtu damu. Si usumbufu. Wanahakikisha kundi ni lile lile.

HATUA KWA HATUA

Haraka haraka haina baraka. Mhudumu, panga vitu vyote kabla ya kuanza: fomu, chupa za rangi zinazotakiwa, sindano mpya iliyofungwa, mpira wa kufunga mkono, pamba, spiriti, glavu, na sanduku la sindano. Sanduku liwe karibu, mahali mkono unafika bila wewe kutembea. Halafu fuata hatua hizi.

1. Msalimu mgonjwa, mweleze unalotaka kufanya, na upate ruhusa yake. Mwulize jina kama tulivyosema. Uliza pia kama amewahi kuzimia akitolewa damu, na kama anatumia dawa za kufanya damu iwe nyepesi.

2. Mkalishe kwenye kiti chenye mahali pa kuegemeza mkono, au alale. Asisimame kamwe. Kuna wanaume wenye nguvu za kubeba gunia la mahindi ambao huanguka wakiona sindano.

3. Funga mpira juu ya kiwiko, upana wa vidole vinne au vitano kutoka mahali utakapodunga. Mwambie akunje ngumi, lakini asiwe akifungua na kufunga mara nyingi.

4. Tafuta mshipa kwa kidole, usitegemee macho tu. Mshipa mzuri ukiuguza hudunda kama mpira uliojaa maji. Ukisikia kitu kigumu kama kamba, huo ni ukano. Ukisikia kinapigapiga, hiyo ni ateri, iache. Mshipa wa katikati ya kiwiko ndio salama zaidi. Upande wa ndani, ule ulio karibu na mbavu, kuna ateri na neva karibu. Usitumie mkono wenye kidonda au uvimbe, wala mkono wenye dripu.

5. Osha mikono kwa sabuni na maji, kisha vaa glavu. Glavu ni mpya kwa kila mgonjwa.

6. Pangusa mahali hapo kwa spiriti ya asilimia 70, na ungoje sekunde 30 ikauke. Usipulize kwa mdomo. Ikishakauka usiguse tena kwa kidole. Spiriti isipokauka humwasha mgonjwa na inaweza kuharibu damu.

7. Shika ngozi chini kidogo ya mahali hapo ili mshipa usikimbie. Dunga sindano ikiwa imelala, pembe ya digrii 30 au chini.

8. Damu ikianza kutoka vizuri, legeza mpira. Mpira usikae zaidi ya dakika moja, na uwe umefunguliwa kabla ya kuchomoa sindano. La sivyo damu itaruka.

9. Chomoa sindano pole pole, weka pamba kavu, na mgonjwa abonyeze kwa dakika chache mkono ukiwa umenyooka. Wengi wetu tumezoea kukunja kiwiko. Si vizuri, ndiyo huleta lile doa jeusi kesho yake.

10. Tia sindano ndani ya sanduku mara moja. Usirudishe kifuniko chake. Usiiweke mezani, kitandani, wala kwenye trei "kwa dakika moja tu".

11. Andika kwenye chupa. Ondoa glavu, osha mikono. Mwangalie mgonjwa kabla hajasimama.

Ukikosa mshipa mara mbili, acha. Mwite mwenzako ajaribu. Hiyo si aibu. Mgonjwa akilia kwamba amesikia kama stima imepita mkononi, chomoa mara moja, kwani umegusa neva. Pakianza kuvimba, fungua mpira, chomoa, na ubonyeze kwa nguvu. Na mgonjwa akitoka jasho baridi na kusema anaona giza, chomoa sindano, mlaze, inua miguu yake, na usimwache peke yake.

RANGI ZA VIFUNIKO

Vifuniko vya chupa havina rangi kwa ajili ya urembo. Kila rangi inaeleza dawa iliyo ndani. Kwa kawaida chupa nyekundu huachia damu igande, ndiyo maji ya damu yapatikane kwa kupima figo, ini na mengineyo. Ya zambarau ina dawa ya kuzuia damu isigande, na hutumika kuhesabu chembe za damu. Ya kijivu ina dawa ya kuzuia sukari isipungue. Ya samawati ni ya kupima jinsi damu inavyoganda, na hii lazima ijazwe mpaka kwenye alama. Viwanda vingine hubadilisha rangi, kwa hivyo soma maandishi pia.

Kuna mpango wa kujaza. Anza na samawati, halafu nyekundu, halafu zambarau, na kijivu mwisho. Kwa nini? Kwa sababu dawa iliyo ndani ya chupa ya zambarau ina potasiamu, na hunasa chokaa ya damu, yaani kalisi. Ikiingia hata kidogo kwenye chupa nyekundu, jibu litasema mgonjwa ana potasiamu nyingi na kalisi kidogo. Potasiamu nyingi husimamisha moyo, kwa hivyo daktari anaweza kumtibu kwa haraka mtu ambaye hana shida hiyo. Basi usimimine kamwe damu kutoka chupa ya zambarau kwenda nyekundu ati kwa sababu moja imezidi na nyingine imepungua.

Chupa zenye dawa zigeuzwe juu chini pole pole mara 8 hadi 10, ili dawa ichanganyike na damu. Usizitikise kama chupa ya dawa ya kikohozi. Ukitikisa, chembe nyekundu hupasuka na kumwaga potasiamu yake nje, na tumerudi kwenye kosa lile lile. Ukitumia sindano na bomba, usivute kwa nguvu wala kusukuma kwa nguvu. Tena usishike chupa kwa mkono mmoja huku ukitoboa kifuniko kwa mwingine. Isimamishe kwenye rafu yake kwanza.

VITU VINGINE VINAVYOHARIBU JIBU

Chai. Mgonjwa ameambiwa asile kitu tangu usiku kwa sababu ya kipimo cha sukari. Asubuhi anakunywa kikombe cha chai na kusema moyoni, "Chai si chakula." Kumbe chai yetu ina maziwa na vijiko viwili vya sukari! Jibu litamfanya mgonjwa wa kisukari. Maji matupu yanaruhusiwa. Kitu kingine chochote, sema ukweli, hata kama utaambiwa urudi kesho.

Dripu. Damu ikitolewa juu ya mahali dripu ya maji ya sukari inapoingia, maabara watapima dripu, si mgonjwa. Tumia mkono ule mwingine.

Kuchelewa. Chembe za damu ziko hai na zinaendelea kula sukari ndani ya chupa. Kwenye chupa isiyo na dawa, sukari hupungua kwa asilimia 5 hadi 7 kila saa. Chupa iliyotoka zahanati saa mbili asubuhi ikafika hospitali saa nane mchana, kipimo cha sukari hapo si cha kuaminika.

Safari. Wengi wetu hupeleka damu kwa pikipiki au matatu. Chupa zisimame wima, ndani ya chombo kisichovuja, na chombo hicho ndani ya kingine kigumu. Zisikae juani wala kwenye dashibodi ya gari. Kama kuna barafu, isiguse chupa, kwani damu ikiganda kwa baridi chembe zake hupasuka. Fomu isizungushiwe chupa. Iwekwe kando ndani ya karatasi ya plastiki. Chupa ikivuja, fomu iliyolowa damu haiwezi kusomwa na ni hatari kwa anayeishika.

WATOTO WADOGO

Mtoto mchanga wa kilo 3 ana damu kama mililita 250 tu, pungufu ya chupa moja ndogo ya soda. Kwake yeye kila kijiko kina uzito. Toa kile kinachohitajika tu, na usirudie bila sababu.

Kwa mtoto wa chini ya miezi sita, tone la damu huchukuliwa kwenye kisigino, pembeni mwa unyayo, si nyuma pale penye mviringo. Usidunge kidole chake, kwa sababu mfupa uko karibu sana. Mtoto mkubwa na mtu mzima hudungwa kidole cha kati au cha pete, pembeni kidogo mwa ncha ya kidole. Tone la kwanza lipanguswe kwa pamba kavu, tumia la pili. Usikamue kidole kama chuchu ya ng'ombe. Ukikamua, maji ya mwili huchanganyika na damu na jibu linapotea.

SINDANO IKIKUDUNGA WEWE

Watu husema ajali haina kinga. Lakini ajali ya sindano inayo, na kinga ya kwanza tayari tumeitaja: usirudishe kifuniko, na tia sindano kwenye sanduku mara moja. Sanduku likijaa robo tatu, lifungwe na kupelekwa kuchomwa. Usilishindilie wala kutia mkono ndani.

Kinga ya pili ni chanjo ya homa ya ini aina ya B, ambayo kwa kawaida ni sindano tatu. Kenya ilianza kuwachanja watoto wote wachanga dhidi ya ugonjwa huu mwishoni mwa mwaka 2001. Maana yake ni kwamba wafanyikazi wengi waliozaliwa kabla ya hapo hawakuchanjwa utotoni. Kama wewe ni mmoja wao, uliza habari ya chanjo wiki hii, usingoje. Chanjo hii inamhusu pia anayefagia na anayechoma takataka, kwa sababu sindano haichagui.

Kwa nini tunasisitiza? Angalia hesabu. Kati ya watu 1,000 waliodungwa na sindano yenye damu ya mtu aliye na virusi vya UKIMWI na wasitumie dawa ya kuzuia, wanaoambukizwa ni kama 3. Lakini kwa homa ya ini ya B, kati ya watu 100 wasiochanjwa, wanaoambukizwa ni kutoka 6 hadi 30. Wengi huogopa ule wa kwanza na kusahau huu wa pili.

Ukidungwa, fanya hivi. Osha mahali hapo kwa sabuni na maji mengi. Usikamue, usinyonye, usimwagie jiki. Mwambie msimamizi saa hiyo hiyo. Dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI zinafaa zianzwe haraka iwezekanavyo, katika saa za kwanza, na zisichelewe kupita saa 72. Humezwa kwa siku 28. Usinyamaze kwa sababu ya aibu au kwa kuogopa kugombezwa. Na wewe msimamizi, usimgombeze. Ukimgombeza mmoja leo, wa kesho ataficha, na saa 72 zitapita akiwa kimya.

Damu ikimwagika sakafuni, vaa glavu, ifunike kwa kitambaa au karatasi, kisha umwagie jiki iliyochanganywa na maji. Kama jiki ni ya asilimia 3.5, changanya kikombe kimoja cha jiki na vikombe sita vya maji. Ngoja dakika 10 ndipo upanguse.

Na huku nyumbani je? Wako wagonjwa wa kisukari wanaojidunga kila siku. Sindano zao zisitupwe shimoni wala chooni, watoto wanacheza huko. Tafuta chupa ya plastiki ngumu yenye kifuniko, zitie humo, na ikikaribia kujaa ipeleke zahanati.

WEWE MGONJWA, UNA HAKI

Mgonjwa mwenye heshima si yule anayenyamaza tu. Una haki ya kuambiwa damu yako inapimwa nini. Sheria ya Kenya ya mwaka 2006 kuhusu UKIMWI inataka mtu akubali kabla ya kupimwa virusi, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa katika sheria yenyewe. Una haki ya kuona sindano ikifunguliwa mpya mbele yako. Una haki ya kuona jina lako likiandikwa kwenye chupa kabla haijaondoka.

Ukiona haikuandikwa, sema kwa upole: "Samahani daktari, naomba nione jina langu." Mhudumu mwema hatakasirika. Na mhudumu, mgonjwa akikuomba hivyo, mshukuru. Amekusaidia kazi.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Katika kijiji chetu, kuna watu wangapi wenye majina mawili yanayofanana? Je, kila mmoja wetu anajua majina yake vile yalivyo kwenye kadi ya hospitali?

2. Kwa nini ni vibaya kumwuliza mgonjwa, "Wewe ndiye fulani?" Jaribuni wawili wawili kuuliza kwa njia iliyo sawa.

3. Kuna mtu hapa aliyewahi kukataa kutolewa damu kwa kuogopa itaisha au itauzwa? Sasa ungemjibu vipi?

4. Sindano zilizotumika hutupwa wapi katika eneo letu? Nani atakwenda kuzungumza na zahanati juu ya jambo hilo, na lini?

5. Wahudumu walio kati yetu: nani amemaliza chanjo zote za homa ya ini ya B? Nani bado?

Wiki hii, kabla hamjakutana tena, kila mmoja atafute kadi yake ya hospitali na za watoto wake, asome majina, nambari na mwaka wa kuzaliwa ulioandikwa. Ukikuta kosa, lipeleke likarekebishwe sasa ukiwa mzima. Siku utakapolazwa na homa, utaulizwa jina, na huenda usiwe na nguvu za kueleza.